Uzi: Kabla ya kuuliza ununue hisa gani, jua utauza vipi

MuuzaNafaka_Kibuye (Jumanne, saa 4 asubuhi)

Jana jioni nikifunga magunia, kijana mmoja wa hapa Manyatta, Kisumu, alinijia dukani. Chama chao kimegawana akiba, yeye ana 60,000 mkononi, na amesikia huyu muuza mahindi ana hisa. Hata kuketi hakuketi. "Mzee, nipe jina la kampuni moja tu." Nikamuuliza: kati ya hizo elfu sitini, ngapi zikipotea bado utalala usingizi? Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Akaaga, akaenda zake.

Basi uzi huu ni wake, na wa wengine kama yeye. Sitataja hisa ya kununua. Anayetafuta jina apite tu, nyuzi za majina zimejaa humu. Mimi nitasimulia mambo ambayo ningeambiwa mapema ningekuwa na lori badala ya mkokoteni. Nitaandika vipande vipande kwa sababu wateja wanaingia, mnivumilie.

Kwanza njia yenyewe, kwa haraka. Hisa za hapa kwetu zinauzwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, NSE, ambalo lilianza 1954. Huwezi kwenda pale ukanunua mwenyewe kama unavyokuja Kibuye. Unapitia dalali mwenye leseni ya CMA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, yeye anakufungulia akaunti ya CDS, ambamo hisa zako zinatunzwa kielektroniki. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, picha na namba ya akaunti ya benki. Siku hizi wengi wanafungua kwa simu, huhitaji kupanda basi hadi Nairobi. Soko linafunguliwa saa tatu na nusu asubuhi, linafungwa saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiuza leo, pesa zinakamilika siku ya tatu ya kazi. Ukiuza Jumanne, ngoja Ijumaa. Anayetaka kulipa karo Jumatano kwa hisa alizouza Jumanne ajue ameshachelewa.

Zamani ilibidi ununue kwa mafungu ya hisa mia mia. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata moja. Kwa anayejifunza hii ni neema kubwa, nitawaambia kwa nini baadaye.

Dalali mchunguze. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya CMA, iangalie wewe mwenyewe, usitosheke na cheti kilichobandikwa ukutani. Kati ya 2007 na 2009 kampuni kadhaa za udalali zilianguka nchini, na wateja waliolipwa na mfuko wa fidia walipata kikomo cha 50,000 kila mmoja, hata kama walikuwa na hisa za laki. Kwa hiyo kila baada ya muda mimi huomba taarifa ya akaunti yangu kutoka CDSC kwenyewe, wale wanaotunza akaunti za CDS, halafu nalinganisha na anachoonyesha dalali. Ni kama kuhesabu magunia ghalani hata kama mwenye ghala ni shemeji yako.

Boda_Kondele

Mkubwa, mimi niko kwenye kundi moja la Telegram, wanatuma "nunua hii, uza ile" kila asubuhi, unalipa 1,500 kwa mwezi. Wiki ya kwanza nilipata. Wiki ya pili na ya tatu wamenikausha. Ni hisa hizo hizo ama ni kitu kingine?

MuuzaNafaka_Kibuye

Ndugu, mara nyingi hizo si hisa hata kidogo, ni kubashiri bei ya sarafu za kigeni au dhahabu kwa pesa ya kukopeshwa na programu. Unaweka elfu tano, programu inakuacha ucheze kama una laki tano. Bei ikisogea asilimia moja upande mbaya, elfu tano yako yote imeisha. Sisemi biashara hiyo ni haramu, kuna madalali wa sarafu wenye leseni ya CMA. Nasema mtu anayejifunza kuogelea haanzii katikati ya ziwa usiku.

Na huyo wa 1,500: kama anajua bei itaenda wapi, mbona anahitaji 1,500 yako?

Tuendelee. Kitu cha kwanza kinachowapiga wageni ni pengo la bei, na hakuna anayewaeleza. Ukifungua programu ya dalali wako utaona safu mbili. Upande mmoja ni wanaotaka kununua na bei wanazotoa, upande wa pili wanaotaka kuuza na bei wanazodai. Ni Kibuye kabisa. Mteja anataka gorogoro, kile kibati tunachopimia mahindi, kwa 130, mimi nauza 150, na kati yetu kuna shilingi 20 zinazoning'inia hewani. Ile bei kubwa unayoona imeandikwa juu kwenye skrini ni bei ya mauzo ya mwisho. Hakuna mtu aliyekuahidi wewe bei hiyo.

Kampuni kubwa, kama Safaricom na benki kubwa kubwa, safu zote mbili zimejaa na pengo ni senti tano au kumi. Kampuni ndogo unaweza kukuta muuzaji anataka 9.80, na mnunuzi wa karibu kabisa anatoa 8.90, tena anataka hisa mia tatu tu. Ukinunua pale kwa 9.80 umepata hasara kabla hujaweka simu mfukoni.

Mimi nilijifunza hili kwa pesa. Ilikuwa mwezi wa kumi, nina mtaji wa kwenda Kitale kuchukua mahindi mapya. Nikaona kampuni moja ndogo imepanda siku nne mfululizo, nikaingia na hisa 4,500 kwa 9.80. Jumla 44,100, bila ada. Jina la kampuni halina maana hapa, kosa lilikuwa langu. Wiki ya pili bei ikaanza kushuka. Nikasema ikifika 8.50 natoka. Ikafika 8.50. Nikaweka oda ya kuuza, nikatazama safu ya wanunuzi: 300 kwa 8.40, 100 kwa 8.20, halafu mtu mmoja kule chini kwa 7.80. Basi. Hisa zangu 4,500, wanunuzi hawajai hata kwenye matatu.

Ilinichukua wiki tatu kutoka. Wastani niliuza kwa 5.70. Ukiweka na ada, karibu 20,000 zilienda. Lakini hiyo haikuniuma kama jambo lingine: zile wiki tatu ndizo mahindi ya Trans Nzoia yalikuwa yanavunwa na bei iko chini kabisa. Wenzangu walijaza ghala. Mimi nilikuwa nasoma safu ya wanunuzi kwenye simu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mwezi wa sita mwaka uliofuata, bei ya gunia ilipopanda, sikuwa na gunia.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuangalia bei ya hisa, naangalia kwanza kwa siku zinauzwa ngapi. Mimi nikitaka 500 na soko lote kwa siku linauza 600, hiyo siigusi hata iwe nzuri namna gani.

Fundi_Section58

Niko Nakuru. Nyongeza tu kuhusu kampuni za nyumbani. Sisi huku tulikuwa na kiwanda cha betri cha Eveready. Hisa zao zilipouzwa kwa umma 2006 kwa shilingi 9.50, watu waliomba mara nyingi kuliko zilizokuwepo. Kila mtu mjini anajua kiwanda, anajua mtu anayefanya kazi pale, betri ziko kwa kila duka. 2014 kiwanda kikafungwa, betri zikaletwa kutoka nje. Hisa ilikuja kushuka hadi kuzunguka shilingi moja. Kuna watu huku walinunua kwa sababu tu walikuwa wanapita mbele ya geti.

MuuzaNafaka_Kibuye

Asante fundi. Kupita mbele ya geti ni ugonjwa wetu sote. Huku magharibi somo ni Mumias, kampuni ya sukari. Iliorodheshwa 2001, na kwa wakulima wa miwa ilikuwa kama kununua sehemu ya shamba lako mwenyewe. Miaka ilikuwepo ambapo ilifanya vizuri sana. Halafu madeni, sukari ya kutoka nje, miwa kupungua. Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kuwakusanyia wadai pesa zao, uuzaji wa hisa ukasimamishwa, na bei ya mwisho ilikuwa senti 27. Shilingi haikufika. Aliyekuwa nazo siku ile hakuwa na pa kuziuzia, kwa bei yoyote.

Hapo ndipo wengi hawaelewi hatari. Wanadhani hatari ni bei kushuka. Bei kushuka kuna dawa. Soko kusimamishwa halina dawa siku hiyo, ndiyo maana dawa yake inanywewa mapema: usiwe na pesa nyingi mno kwenye kampuni moja, hata kama unaijua kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi. Uuzaji wa hisa za Kenya Airways ulisimamishwa Julai 2020, ukarudi Januari 2025. Miaka minne na nusu. Hiyo angalau ilirudi.

Kuna mteja, narudi.

MamaKuku_Njoro

Kaka, mimi nafuga kuku Njoro, nataka kuanza polepole. Nimeona video za zile chati za mishumaa ya kijani na nyekundu nikachanganyikiwa. Lazima nizijue zote? Na je, nikiweka pesa za karo ya muhula ujao zikae pale miezi mitatu zizae kidogo?

MuuzaNafaka_Kibuye

Dadangu, naanza na swali la pili kwa sababu ndilo lenye moto. Hapana. Pesa yenye tarehe haiingii kwenye hisa. Karo ina tarehe, kodi ya nyumba ina tarehe, chakula cha kuku wako kina tarehe. Hisa haina tarehe. Safaricom ambayo kila mtu anaipenda, iliuzwa kwa umma 2008 kwa shilingi 5. Mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Mwaka 2021 ilipita 40. Mapema 2024 ilikuwa chini ya 15, halafu ikaanza kupanda tena. Kampuni ni ile ile, M-Pesa ni ile ile. Aliyeingia 2021 na pesa ya karo, mtoto angefukuzwa shule akiwa na baba tajiri wa kesho.

Chati sasa. Hapana, huhitaji zote. Kila mshumaa ni siku moja: bei ilifunguka wapi, ikafunga wapi, na zile nyuzi za juu na chini ni mbali ilikofika. Kijani imefunga juu ya ilipoanzia, nyekundu imefunga chini. Mimi naangalia vitu vitatu tu. Sakafu, yaani bei ambayo hisa imeshuka mara kadhaa ikagonga na kurudi juu, kama vile hapa sokoni kila mtu anajua gorogoro ikifika bei fulani wamama wa hoteli watamiminika. Dari, ambako imegonga ikarudi. Na wastani wa siku 50 zilizopita, ule mstari unaolegea, kuona kama kwa ujumla inapanda ama inateremka. Nikiona hisa iko karibu na sakafu yake na siku hizo inauzwa kwa wingi kuliko kawaida, hapo naanza kupiga hesabu. Sakafu nazo hutoboka, na ndiyo sababu ya kuwa na hesabu.

Tena kumbuka soko letu linasinzia. Hizo mbinu za video za kununua saa nne na kuuza saa tano zimetengenezwa kwa masoko ya Marekani ambako hisa za kampuni moja zinauzwa kwa mamilioni kwa siku. Huku kuna kampuni zinapitisha siku nzima bila hisa hata moja kuuzwa. Mshumaa wake ni kistari tu. Huwezi kusoma uso wa mtu aliyelala.

Jambo dogo kuhusu mgao wa faida, kwa sababu linawanasa wengi. Kampuni ikitangaza mgao inataja siku ya kufunga daftari, yaani siku ya kuorodhesha wenye hisa watakaolipwa. Mtu anasikia "wanatoa shilingi mbili kwa kila hisa", anakimbia kununua siku za mwisho ili avune shilingi mbili za bure. Siku za kununua ukapata mgao zikishapita bei inashuka, mara nyingi kwa kiasi kinachokaribia huo mgao, kwa sababu anayenunua sasa haupati. Na huo mgao unakatwa kodi asilimia 5 kabla haujakufikia. Ukijumlisha na ada ya dalali ya kununua na kuuza, umeingia gharama ya kuvuka mto ili ukachote maji.

Jaduong_Milimani

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi Safaricom nilichukua 2008 kwa hiyo shilingi tano, sijauza hata moja. Iliposhuka hadi tatu mke wangu alilia, nikamwambia funika. Miaka mitatu mfululizo, 2023 hadi 2025, wamelipa shilingi 1.20 kwa kila hisa kwa mwaka. Yaani kila mwaka napata karibu robo ya nilichonunulia. Haya mambo yenu ya kutoka toka, ningekuwa nimetoka 2009. Vijana msidanganyike, nunua ukae.

MuuzaNafaka_Kibuye

Jaduong, mzee wangu, heshima yako. Sibishani na wewe, na kusema kweli umefanya vizuri kuliko mimi. Lakini wacha niulize mambo mawili mbele ya vijana. Zile pesa za 2008 zilikuwa za mkopo?

Jaduong_Milimani

La. Zilikuwa akiba yangu ya ualimu.

MuuzaNafaka_Kibuye

Na zilikuwa pesa zako zote?

Jaduong_Milimani

Hata robo hazikufika. Nilikuwa na ng'ombe na ploti.

MuuzaNafaka_Kibuye

Basi jaduong umefanya udhibiti wa hatari bila kuuita jina. Uliweka sehemu ambayo hata ikienda yote, ng'ombe wanabaki. Ndiyo maana uliweza kumwambia mama "funika". Kuna wengine mwaka ule ule walikopa benki kununua hisa zile zile. Zilivyoombwa kupita kiasi, walipewa sehemu ndogo tu ya walichoomba, pesa nyingine zikarudishwa baada ya wiki kadhaa, riba ikitembea. Bei iliposhuka hadi tatu walikuwa hawana la kufunika nalo. Hisa moja, bei moja, mwaka mmoja: wewe leo unakula mgao, wao waliuza kwa hasara kulipa benki.

Na upande wa pili wa kukaa tu ni KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. 2006 iliuzwa kwa 11.90, siku za kwanza sokoni ikafika kama 40. Aliyeona majirani wanasherehekea akaingia kwa 40 na kukaa, baadaye aliiona ikiuzwa chini ya shilingi tatu. Kampuni haikufa, umeme unawaka. Bei ya kuingia ndiyo ilikuwa mbaya.

Kwa hiyo kuna njia mbili na usizichanganye. Ya jaduong: nunua kampuni unayoielewa, kwa bei ambayo haijavimba, kwa pesa isiyo na tarehe, kaa, kula mgao, soma hesabu zao kila zikitoka. Na ya kufanya biashara ya hisa: unaingia kwa sababu fulani, kwa wiki au miezi, na sababu ikiisha unatoka. Balaa kubwa ni mtu anayeingia kwa njia ya pili, bei ikishuka anageuka kuwa wa njia ya kwanza. "Ah, mimi ni mwekezaji wa muda mrefu." Tangu lini? Tangu jana ilipoanguka.

Mimi mwenyewe nimefanya hivyo hadi na mahindi. Mwaka mmoja nilikatalia magunia 12 nikingoja bei ipande shilingi mia tatu zaidi. Nikaongeza mwezi, nikaongeza mwingine. Siku nafungua gunia la kwanza unga mweupe unamwagika kama sindano imetoboa, fukusi wamefanya harusi mle ndani. Niliuza kwa mwenye kuku kwa bei ya kutupa. (MamaKuku, si wewe.) Tangu siku hiyo, mahindi yakiingia ghalani naandika kwa kalamu kwenye gunia tarehe ya mwisho ya kuyauza, bei iwe imepanda au haijapanda. Hisa nazo naziandikia vivyo hivyo, ila badala ya tarehe naandika bei.

Boda_Kondele

Sasa hapo kwa kuandika bei ndio nataka. Unaandika ngapi? Unaamua na nini?

MuuzaNafaka_Kibuye

Haya, hii ndiyo sehemu niliyomwekea yule kijana. Chukua kalamu.

Una 60,000. Amua biashara moja ikiharibika unakubali kupoteza ngapi. Wengi wanasema asilimia 2 ya mtaji wote, mimi pia. Hiyo ni 1,200. Sasa umeona hisa inauzwa 20, na ukiangalia chati sakafu yake iko 18.50. Unasema ikishuka hadi 18 sakafu imetoboka, sababu yangu imeisha, natoka. Kati ya 20 na 18 kuna shilingi 2. Gawanya 1,200 kwa 2, unapata hisa 600. Hisa 600 kwa 20 ni 12,000. Kwa hiyo kati ya elfu sitini zako, zinazoingia hapa ni elfu kumi na mbili, zingine zinakaa.

Hapo ndipo vitabu huishia. Lakini kuna ada. Tuseme ni asilimia 2 ya kununua na asilimia 2 ya kuuza, hesabu iwe rahisi, ingawa mara nyingi huwa chini kidogo ya hapo. Ukinunua kwa 20 unalipa senti 40 juu. Ukiuza kwa 18 unakatwa senti 36. Hasara ya kweli kwa hisa moja ni shilingi 2.76. Gawanya tena: 1,200 kwa 2.76 ni hisa 430 hivi. Yaani 8,600. Ona tofauti. Aliyesahau ada ameshika hatari kubwa kuliko anavyodhani kwa zaidi ya theluthi moja.

Na ada hizo hizo zinasema hivi pia: ukinunua kwa 20, bei lazima ipite 20.80 ndipo uwe umerudisha pesa yako tu. Anayeuza na kununua kila wiki anamfanyia dalali kazi ya kibarua.

Kwa nini 2 na si 20? Kwa sababu huko mbele unaweza kujikuta umekosea mara kumi mfululizo, niamini. Ukipoteza asilimia 2 mara kumi, 60,000 inabaki kama 49,000. Unauma meno, unaendelea. Ukipoteza asilimia 20 mara kumi, unabaki na kama 6,400. Na shimo lina tabia mbaya: ukipoteza asilimia 10 unahitaji kupata 11 kurudi ulipokuwa. Ukipoteza 50 unahitaji 100. Ukipoteza 75 unahitaji 300. Kuteremka ni kwa baiskeli, kupanda ni kwa miguu, tena umebeba baiskeli.

Hapo ndipo ile ruhusa ya kununua hisa moja moja inafaa. Kabla ya Agosti 2025, hesabu ikikupa hisa 70, huwezi, lazima mia. Sasa unanunua 70 kamili. Anayejifunza anunue hata tano, aone oda inavyokaa kwenye foleni, aone ada, aone moyo wake unavyofanya bei ikishuka. Huo moyo huwezi kuusoma kwenye video.

Fundi_Section58

Hiyo bei ya kutokea, programu inauza yenyewe au ni wewe?

MuuzaNafaka_Kibuye

Ya dalali wangu haiuzi yenyewe, inanipigia kengele tu. Kuuza ni mimi na kidole changu, na kidole kina uoga wake. Ndiyo maana naandika kwenye daftari siku ninayonunua, na namwonyesha mke wangu. Yeye hajui chati lakini anajua kusoma. Bei ikifika ananiuliza, "Hii si ndiyo uliandika?" Hakuna programu kali kama hiyo.

Tena weka oda yako kwa bei unayotaja, usiseme "uza bei yoyote", hasa kwenye hisa yenye wanunuzi wachache. Ile 4,500 yangu ningeiachilia kwa bei yoyote siku ile, ingejikuta kwa yule bwana wa 7.80 mara moja. Hata hivyo ukitaja bei kuna siku hutauza. Chagua unachoweza kuvumilia. Na kwa siku moja bei haiwezi kushuka zaidi ya asilimia 10, soko lina kikomo hicho, lakini inaweza kushuka kumi leo na kumi kesho wewe ukiwa kwenye foleni.

MamaKuku_Njoro

Nimeelewa. Sasa nikiwa na kampuni tano tofauti niko salama, sivyo?

MuuzaNafaka_Kibuye

Tano zipi? Ukiniambia benki tano, una kampuni moja yenye majina matano. Riba ikibadilika zote zinatikisika pamoja. Ni kama mimi kuuza mahindi, maharagwe na njugu nikasema nimetawanya hatari. Mvua ikikosa, yote matatu yamekosa. Ndiyo maana na hisa zangu zote, asilimia kubwa ya akiba yangu bado iko sacco na kwenye hati za hazina za serikali. Hisa ni kiungo, haijawa ugali.

Boda_Kondele

Mkubwa, asubuhi ulisema una biashara yako leo ama nimeota? Vipi hiyo?

MuuzaNafaka_Kibuye (saa 9 na dakika 20 alasiri)

Sikusema, lakini umenusa. Ninayo moja, benki, nilichukua 300 kwa 31. Daftari linasema 28.50. Leo saa tano ikaingia 28.40. Nilitafuta kila sababu: labda ni mtu mmoja anauza, labda matokeo yao wiki ijayo ni mazuri, labda kesho. Mama watoto alikuwa anapanga magunia, hakusema kitu, aliangalia tu daftari halafu akaniangalia. Nikaweka oda kwa 28.40.

Zimeuzwa 180. Zile 120 zilikuwa bado kwenye foleni soko likafungwa. Kesho saa tatu na nusu nateremsha hadi 28.20. Pesa za hizo 180 zinaingia Ijumaa, na Jumamosi lori linatoka Kitale.

Yule kijana wa Manyatta amerudi, amesimama hapa mbele na daftari jipya la kurasa 96. Wacha nimalizie kumpimia huyu mama gorogoro zake mbili kwanza.